Salamu Katikati ya Barafu

Jicho la kushoto la Veikko Lampinen lilikuwa na kawaida ya kulia peke yake. Kila alipoingia uwanjani na baridi ikampiga usoni, chozi moja lilichuruzika mpaka kwenye kovu la shavuni likasimama hapo, kama mgeni aliyefika mlangoni akaona haya kubisha. Wenzake walishazoea. Mashabiki wa mji wao wa Sudbury walilipenda chozi lile, maana walijua lilikotoka. Lilitoka kwenye gongo la hoki la Duncan MacAskill, nahodha wa timu ya Windsor, lililompasua mfupa wa shavu miaka mitatu nyuma. Tangu siku hiyo mji mzima ulikuwa na mtu wa kumzomea, na Veikko, nahodha wao, aliona fahari kwamba wanamzomea kwa niaba yake.

Mchezo wa hoki ya barafuni una ada moja ambayo haikuandikwa popote. Msimu mzima watu wanaweza kupigana mpaka meno yakadondoka kwenye barafu. Lakini mwisho wa msimu, timu mbili zikishapambana mechi baada ya mechi mpaka moja ikatolewa, wachezaji hujipanga mistari miwili, wakavua glavu, na kila mmoja akampa mkono kila mmoja wa upande wa pili. Refa halazimishi. Makocha hawasemi neno. Ni heshima tu, kama kumvulia kofia maiti anayepita.

Mwaka uliotangulia, Windsor walipowatoa Sudbury, Veikko alifika mbele ya MacAskill kwenye mstari huo, akaficha mkono nyuma ya mgongo, akapita. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Picha ya tukio hilo ilikuwa bado imebandikwa kwa kinyozi wa Mtaa wa Elm, juu ya kioo, na kila Veikko alipokwenda kunyoa hakutozwa.

Basi mtu huyo huyo ndiye aliyeambiwa sasa akazungumze na MacAskill.

"Mimi?" alisema. "Nitazungumza naye kwa gongo."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, ndani ya treni. Timu zote mbili zilikuwa zikitoka Windsor kwenda Sudbury kumaliza mchuano, Sudbury behewa la mbele, Windsor la nyuma, na katikati mlango ambao hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kuufungua kwa ajili ya maongezi. Hiyo ilikuwa sheria ya matajiri wa ligi, wenye timu. Mchezaji wa timu moja hazungumzi na mchezaji wa timu nyingine, si hotelini, si kituoni, si kanisani. Ukikutwa, unalipa faini. Matajiri wenyewe walikula pamoja kila mwezi, wakapeana sigara.

"Utazungumza naye kwa mdomo, mzee wangu, kama binadamu," alisema Rosaire Quesnel. Rosaire alikuwa golikipa wao, Mfaransa wa Trois-Rivières, mfupi, mwenye maneno mengi kuliko mabao aliyofungwa. "Timu nne zimekubali chama cha wachezaji. Sisi wa tano. Bado Windsor tu. Na Windsor hawakubali kitu mpaka MacAskill aitikie kwa kichwa. Nasikia hata chooni wanamwomba ruhusa."

"Tafuta mtu mwingine."

"Nani? Mimi? Kiingereza changu kinachechemea. Nitamwomba ajiunge na chama, yeye atadhani namposa dada yake."

"Tuma kwa shemeji, basi, kama mlivyofanya kwa wengine."

Hivyo ndivyo habari zilivyosafiri miezi ile. Kipa wa Hamilton alimwoa dada yake Rosaire. Beki mmoja wa Quebec alikuwa kaka wa mke wa mtu fulani wa Kingston. Matajiri waliweza kukataza watu kusalimiana, lakini hawakuweza kukataza arusi na maziko, na huko ndiko chama kilikosukwa, kati ya sahani za nyama na watoto wanaokimbizana.

"MacAskill hana shemeji," alisema Rosaire. "Hajaoa. Ligi ikiisha anapanda treni kwenda kwao Cape Breton kuvua kamba, simu hakuna, barabara ni matope. Na matajiri wanakutana mwezi ujao. Wakikuta timu tano ndani na moja nje, watatumia hiyo moja kutuchapa wengine. Unajua."

Veikko alijua. Mkataba wa ligi ulimfunga mchezaji kwa timu yake mpaka timu imchoke. Yeye hakuweza kuondoka, ila timu iliweza kumuuza asubuhi yoyote. Lyle Burdett, rafiki yao, aliuzwa siku mkewe alipokuwa katika uchungu wa kujifungua. Alizisikia habari hizo redioni, kwenye korido ya hospitali, kati ya bei ya ngano na hali ya hewa. Akaondoka jioni hiyo, kwa sababu asiporipoti atafungiwa ligi nzima. Alimwona mwanawe kwa mara ya kwanza akiwa tayari na meno mawili. Chama hakikutaka makubwa. Kilitaka tu mtu aulizwe kabla ya kuuzwa, na aliyevunjika atibiwe mpaka apone.

Wakati huo mlango wa behewa ukafunguka.

Wachezaji wa Windsor walikuwa wakipita kwenda kunywa chai, mmoja nyuma ya mwingine, macho chini, kama watoto wa shule. Wa mwisho alikuwa MacAskill. Mtu mkubwa, nywele nyekundu zimeanza mvi, pua imeelekea upande. Alipofika kwenye kiti cha Veikko alisimama.

"Lampinen," alisema. "Jicho vipi?"

Veikko hakuwaza. Alisikia tu damu ikimpanda masikioni, akasikia na miaka mitatu ya makelele ya mashabiki, akainuka na kumkamata MacAskill shati. Chai ya mtu ikamwagika. Rosaire akawa anavuta huku, Windsor wanavuta kule, na Tully, meneja wa Sudbury, akaja mbio na gazeti mkononi akiwapiga nalo vichwani kama anafukuza nzi.

Walipotenganishwa, MacAskill alisimama akimtazama Veikko kwa muda, wala hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu aliyesahau kitu alichotaka kusema. Kisha akaenda kunywa chai yake.

"Umemsikia?" Veikko alihema. "Ananicheka mbele ya watu!"

Rosaire alikuwa akijipangusa chai kifuani. "Au alikuwa anauliza habari za jicho," alisema.

*

Siku iliyofuata aliitwa ofisini kwa Bwana Ashdown.

Lorne Ashdown alikuwa na hoteli, sehemu ya mgodi wa nikeli, na timu. Ofisi yake ilikuwa juu kabisa, ina dirisha kubwa la kutazama uwanja chini, na kila mchezaji aliingia humo peke yake. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Hakuna wawili kuingia pamoja, wala mtu kumwambia mwenzake alichoahidiwa. Ashdown alikuwa mzee mwenye sauti laini, aliyejua majina ya watoto wote wa wachezaji na magonjwa yao.

"Kaa, mwanangu. Mkeo Aili hajambo? Bado anakohoa?"

"Amepona, Bwana."

"Mshukuru Mungu. Nilikuwa nikimwazia." Akalisogeza juu ya meza kopo la chokoleti lenye utepe. "Mpelekee. Mwambie ni zawadi ya mzee." Kisha akageukia dirisha. "Miguu yako imechoka, Veikko. Usinibishie, naona kutoka hapa. Msimu mmoja zaidi, labda. Na Tully anazeeka. Nitahitaji mtu wa kumsaidia, halafu wa kumrithi. Mtu ambaye mji huu unampenda."

Baba yake Veikko alifia mgodini na mapafu yamejaa vumbi. Hakuna mwanamume wa ukoo wa Lampinen aliyewahi kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti.

"Ila nasikia kuna maneno," Ashdown aliendelea, bado amempa kisogo. "Chama. Wajinga wanaotaka kuharibu familia. Maana sisi hapa ni familia. Mtu anayeleta vita ndani ya nyumba yangu, nitafanyaje? Itabidi nimpeleke mbali. Spokane wanatafuta beki. Ni mbali, Spokane. Na ligi ya chini. Ningeumia sana." Akageuka, akatabasamu. "Jumamosi, mechi ikiisha, tukishinda au tukishindwa, timu inaingia ndani moja kwa moja. Hakuna kupeana mikono. Baada ya fujo ya kwenye treni sitaki aibu uwanjani kwangu. Wewe mwenyewe humtaki yule MacAskill, sivyo? Nakurahisishia."

"Ahsante, Bwana," alisema Veikko, na alimaanisha.

Alitembea kwenda nyumbani na kopo kwapani, theluji chafu ya mwisho wa majira ya baridi ikilia chini ya viatu, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku nyingi zilizopita. Alikuwa anajiona ameketi kwenye kile kiti.

Aili alikuwa ametoa mkate wa iliki kwenye jiko, jikoni kote kumenukia. Alisikiliza yote bila kuketi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ambaye akikasirika alizidi kuwa mpole. Alilitazama kopo, akaliweka juu ya kabati bila kufungua utepe.

"Amekataza mikono," alisema.

"Anataka kuniepusha na aibu."

"Veikko. Mwaka jana ulimnyima yule mtu mkono mbele ya watu wote. Mzee Ashdown aliona aibu?"

"Hapana. Alinunulia timu nzima chakula."

"Na mlipong'oana meno mwezi wa kwanza, aliona aibu?"

Veikko akavuta kiti, akaketi.

"Mtu aliyefurahia ngumi zote hizo," Aili alisema taratibu, akimkatia kipande cha mkate, "leo kwa nini anaogopa salamu?"

Kahawa ikachemka ikamwagika kwenye jiko, na hakuna aliyeinuka kuiondoa. Veikko alikuwa anaona mstari ule katikati ya barafu. Ligi nzima, mwaka mzima, hapakuwa na mahali pengine ambapo wanaume wa timu mbili waliruhusiwa kusimama uso kwa uso bila meneja katikati yao. Mahali pamoja tu. Naye alipopewa mahali hapo mwaka jana, alikwenda akaficha mkono, akashangiliwa, akanyolewa bure. Akaona aibu ikimpanda polepole, kama maji ya baridi yanavyopanda ndani ya buti.

"Nikimpa mkono, ni Spokane," alisema. "Nyumba hii. Shule ya Kaisa wetu. Mama yako."

"Najua Spokane iko wapi."

"Na kiti cha Tully kimekwenda."

Aili aliketi mwishowe. Akamshika mkono, ule wa kulia, akaugeuzageuza kama anautafuta ulipovunjika. "Ukikaa kwenye kiti kile," alisema, "siku moja utamwita mtu kama Lyle umwambie ameuzwa. Utaniletea chokoleti. Mimi nitakupikia kahawa, Veikko, kama kila siku. Lakini sijui kama nitaweza kukutazama."

*

Jumamosi mchana uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Ulikuwa mwezi wa nne, jua limeanza kuwa na nguvu, na mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukalala kwenye barafu kwa vipande virefu.

Walicheza vizuri na wakashindwa. Walikuwa nyuma kwa bao moja tu mpaka dakika ya mwisho. Hapo Rosaire alitoka golini kumpisha mshambuliaji wa ziada, kisahani kinachochezewa badala ya mpira kikamgonga Veikko kwenye goti, kikateleza taratibu, taratibu, kuelekea goli tupu, huku watu elfu kadhaa wakikitazama kama wanaotazama mtoto anayetambaa kwenda ukingoni. Kikaingia. Kisha king'ora. Windsor wakarukiana. Uwanja ukawa kimya kiasi cha kusikia mtu akikohoa kule juu.

"Ndani!" Tully alipiga kelele kwenye kijilango cha benchi. "Wote ndani! Amri ya mzee! Twende, twende!"

Wachezaji wa Sudbury walisogea wakasimama. Walimtazama Tully, wakamtazama Veikko. Kule katikati, Windsor walikuwa wamemaliza kukumbatiana na kuanza kujipanga mstari, kwa mazoea tu, glavu mkononi. Walisubiri. Mmoja wao aliinua mabega kama kuuliza, vipi, hamji?

"Lampinen," Tully alisema kwa sauti ya chini, karibu anasihi. "Usinifanyie hivi. Ingia. Kiti changu ni chako, nimeambiwa."

"Kaa nacho, Tully," alisema Veikko. "Kimekuzoea."

Akavua glavu ya kulia, akaiangusha kwenye barafu, akaondoka.

Mwanzoni alikuwa peke yake. Alisikia makali ya viatu vyake tu, na kutoka jukwaani sauti moja ya mlevi, "Mpe kisogo, Veikko! Kama mwaka jana!" Watu wakacheka, wakaanza kupiga makofi, wakidhani anakwenda kufanya hivyo hivyo. Hakugeuka nyuma. Akigeuka, alihisi, miguu itarudi yenyewe. Kisha nyuma yake akasikia pap, pap, pap, makinga ya miguuni ya Rosaire yakigongana, maana kipa hawezi kwenda kimyakimya hata akitaka. Na nyuma ya Rosaire mkwaruzo wa viatu vingi.

Alianza kushika mikono. Mchezo mzuri. Mchezo mzuri. Vijana wa Windsor walimshika haraka na kupita, kama wanaoshika birika la moto. Mpaka akafika kwa wa mwisho.

MacAskill alikuwa amesimama mikono yote miwili nyuma.

Veikko alinyoosha mkono wake. Ukabaki hewani. Mlevi yule akapaza sauti tena, lakini sasa hakuna aliyecheka. Baridi ilianza kumuuma vidoleni. Chozi likatoka jichoni, likateremka mpaka kwenye kovu, likasimama.

"Umechelewa mwaka mmoja," alisema MacAskill.

"Ndiyo."

"Mkono wako mwaka jana ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwa mwenye timu," alisema Veikko. "Nimeuchukua leo."

MacAskill alimtazama. Pua yake iliyopinda ilicheza kidogo. "Jicho vipi?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa sauti ile ile. Safari hii Veikko alilisikia.

"Linalia kwenye baridi. Haliumi."

"Unaona herufi ndogo?"

"Nikisogeza karibu."

MacAskill aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayehesabu kitu moyoni. "Nilikuja hospitali," alisema. "Wiki ile ile. Nilisimama koridoni na kofia mkononi, nesi akaenda kukuuliza kama nipite. Kabla hajarudi akafika meneja wetu akanitoa kwa mkono. Nikapigwa faini kwa kuzungumza na mpinzani. Na hata neno moja hatukuwa tumezungumza."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hatuongei."

Akatoa mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Ulikuwa mkubwa, wa moto, umechubuka vifundoni, ukaufunika mkono wa Veikko wote. Jukwaani pakatokea sauti ya ajabu, nusu ya kuzomea na nusu ya mshangao. Kisha kuzomea kukashinda. Veikko alikuwa hajawahi kuzomewa nyumbani. Alisikia jina lake na neno "msaliti" kutoka upande wa kinyozi, akajua kuanzia leo atanyoa kwa mkewe.

"Sikia," alisema, bila kuachia. "Timu tano ziko ndani. Mtu asiuzwe bila kuulizwa. Aliyevunjika atibiwe. Hayo tu, kwa kuanzia. Watu wako vipi?"

"Mngeniuliza zamani."

"Tulituma..."

"Mlituma shemeji wa shemeji wa binamu ya kipa!" MacAskill alicheka kidogo, kwa ghafla, cheko la mtu asiyecheka mara nyingi. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nimekupasua uso, Lampinen. Nitaingiaje kwenye chama chako kama hata mkono wangu huutaki? Niliwaambia vijana: yule akija mwenyewe, tunaingia sote. Asipokuja, hatuna chama, tuna kelele."

"Nimekuja."

"Basi tumeingia. Sote. Mpaka yule mtoto mwenye chunusi pale."

Nyuma yao mistari ilikuwa imekwama, na kwa kuwa imekwama watu wakaanza kuongea. Rosaire alikuwa amemshika kipa wa Windsor bega, anamweleza jambo kwa mikono yote miwili na lugha mbili. Wengine waliulizana habari za watu waliouzwa, yuko wapi yule, yule mwingine mguu wake ulipona? Miaka wamegongana kila wiki, na sasa waligundua hawajui sauti za wenzao.

Juu kule, nyuma ya kioo, Bwana Ashdown alionekana amesimama, mkono mmoja umeshika simu. Punde kinanda cha uwanjani kikaanza kupiga wimbo wa taifa, ambao ulipigwa kila mechi ilipokwisha kuwaambia watu waende kwao. Wachezaji wote wakasimama wima. Kofia zikavuliwa jukwaani. Hata Ashdown, nyuma ya kioo chake, ilimbidi asimame wima na mikono ubavuni, akiwatazama. Wimbo ukafika mwisho. Watu wakavaa kofia.

"Tulikuwa wapi?" alisema MacAskill.

Kisha taa zikazimwa, safu moja baada ya nyingine, kwa kishindo. Lakini ulikuwa mchana wa mwezi wa nne. Jua lilikuwa limeshuka sawa na madirisha, na barafu ikazidi kung'aa. Mtu jukwaani akacheka. Cheko likaenea. Wachimba migodi wa Sudbury walikuwa wamegoma mara nyingi maishani mwao, wakazimiwa mengi, na polepole, bila mtu kuwaambia, wengi wao walianza kuelewa wanachotazama. Baadhi waliendelea kuzomea. Lakini mwanamke mmoja mnene wa safu ya mbele aligonga ubao wa pembeni kwa kiganja akasema, "Waacheni waongee! Kwani nyie hamna wa kusalimiana naye?" Na watu waliokuwa wamenyanyuka wakaketi tena.

Mwishowe akaja Tully. Alitoka kwenye kijilango na viatu vyake vya ngozi, miguu imetanuka, mikono hewani kama ndege mwenye ugonjwa. Aliteleza hatua tatu, akasimama, akateleza tena. Alipofika karibu na Veikko miguu ilimkimbia, akamkamata mkono asianguke.

"Lampinen," alihema. "Umeuzwa. Spokane. Kuanzia sasa hivi. Mzee anasema uvue hiyo jezi. Usizungumze na mtu."

Veikko alilisikia neno Spokane likishuka ndani yake, likipita nyumba, likipita shule ya Kaisa, likatua mahali. Liliuma. Lakini alilitegemea lianguke kama mwamba, na lilianguka kama jiwe, na mtu anaweza kutembea na jiwe.

"Shika vizuri, Tully," alisema. "Usije ukavunjika nyonga. Hakuna bado wa kukutibu."

MacAskill akamshika Tully upande wa pili. Wakampeleka taratibu mpaka kijilangoni, nahodha huku na nahodha kule, mzee amening'inia katikati kama nguo kwenye kamba, na uwanja mzima ukiangalia ni nani anayemshikilia nani.

Aili alikuwa ameshuka mpaka kwenye ubao wa pembeni. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, kimoja juu, kimoja chini, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakulia mbele ya watu, hakuwahi.

"Wamekuuza?" aliuliza.

"Wanasema hivyo."

"Spokane?"

"Spokane."

Alimtazama usoni, kote, mpaka kwenye kovu, kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole akalipangusa lile chozi.

"Wewe umewajibu nini?"

Veikko aligeuka kutazama katikati ya barafu. Jezi za rangi mbili zilikuwa zimechanganyika kabisa. Rosaire alikuwa anacheka kwa sauti, na MacAskill alikuwa anamngoja, ameinua mkono.

"Sijawajibu," alisema, akisukuma ubao kwa kiganja ili kuondoka. "Waambie wasubiri. Sijamaliza kusalimiana."